Tuliongoza ligi kwa pointi 11, sasa zimebaki 4 na mechi tano mkononi. Naomba ushauri

WingaWaTemeke:

Wakuu, salaam. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mtaa huku Temeke, tunacheza ligi ya wilaya. Jina la timu naliweka kando maana wapinzani wetu nao wanasoma humu.

Mzunguko wa kwanza tulimaliza bila kufungwa. Kufika katikati ya mzunguko wa pili tulikuwa kileleni kwa pointi 11, mtaa mzima unaongelea ligi ya mkoa. Mjumbe mmoja wa kamati akapeleka tisheti zikachapwe maandishi ya ubingwa. Tangu hapo tumetoka sare mbili na kufungwa mbili. Wanaotufuata wameshinda zote tatu walizocheza, na wana kiporo kimoja, yaani mechi moja ambayo bado hawajaicheza. Sisi tumebakiza mechi tano, na ya nne ni dhidi yao.

Kinachoniumiza ni kwamba tunaangushwa kwa namna ileile. Kipindi cha kwanza tunacheza mpira wetu. Ikifika dakika ya 65 mabeki wanaanza kurudi nyuma bila kuambiwa na mtu. Katikati panabaki peupe, kipa anabutua, mpira unarudi. Jumapili tuliongoza 2–0 tukatoka 2–2. Bao la kusawazisha lilikuwa kona, watu wetu wanane wamejaa golini, hakuna hata mmoja aliyeruka.

Nimesoma habari za Newcastle ya 1996: Januari walikuwa mbele kwa pointi 12, mwisho wa ligi wakawa pointi 4 nyuma ya Manchester United. Usingizi uliniruka.

Kamati imekaa. Kocha mkuu anataka tuingie na mabeki watano tulinde tulichonacho. Wengine wanataka nahodha avuliwe kitambaa. Wazee wawili wanasema tumechezewa, na hela iliyopo, ambayo ndiyo ya nauli, maji na chakula, iende kwenye "ufundi". Mnanielewa. Mimi natakiwa nitoe msimamo wangu Alhamisi. Vijana hawa wamejitoa sana, wengi alfajiri wako sokoni Tandika au kwenye bodaboda, jioni wako uwanjani. Sitaki waangukie hapa. Nisaidieni.

DadaMpira:

Pole kaka. Naanza na msimamo wenyewe, maana naona ndio unaowachezea akili. Kama wale wana kiporo, hamuongozi kwa pointi 4. Hesabuni kwamba mnaongoza kwa 1.

Mimi ni Mwananchi, na msimu wa 2018/19 niliyaonja haya. Yanga yetu chini ya Mwinyi Zahera ilikaa kileleni muda mrefu, Simba wakiwa kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika hadi robo fainali, viporo vimewajaa. Kila wiki tunauangalia msimamo tunafurahi. Walipoanza kuvila viporo, tukawa tunaangalia pengo likipungua bila sisi hata kuingia uwanjani. Ligi ikaisha wao 93, sisi 86.

Chora msimamo upya, wape wapinzani pointi tatu za kiporo, uubandike mahali vijana wanapobadilishia nguo. Anayeongoza kwa pointi 1 hana cha kulinda, analazimika kushinda. Hizo 11 ndizo zinazowarudisha nyuma mabeki wako. Na hizo tisheti zifungwe kwenye mfuko zikae kwa mwenyekiti, kijana asizione.

MtotoWaTandika:

Msiwapuuze wazee. Nimecheza mchangani miaka mingi, nimeona timu ikirudiwa na moyo kwa sababu tu wachezaji wameamini kuna kitu kimefanyika. Imani ya mchezaji ni nusu ya mpira. Kama hela ipo, gawa.

KipaMstaafu:

Mdogo wangu Winga, nimekaa golini muda mrefu na nimefundisha baada ya hapo. Kabla ya kusema lolote nijibu mawili. Namba sita wako, yule kiungo anayekaba mbele ya mabeki, ni nani, na anafanya kazi gani? Na tangu ligi ianze umewahi kumpumzisha?

WingaWaTemeke:

Shikamoo mzee wangu. Ni kijana wa bajaji, anapiga kazi usiku. Hajakosa mechi hata moja, wala hajawahi kutolewa. Hatuna mwingine wa kiwango chake.

KipaMstaafu:

Marahaba. Basi sehemu kubwa ya jibu unayo. Dakika ya 65 siyo mchawi, ni miguu. Beki anaporudi nyuma hawazi msimamo wa ligi. Anamtazama kiungo aliye mbele yake. Akiona yule hafiki tena kwenye mpira, anarudi mwenyewe kuziba, na wenzake wanamfuata.

Real Madrid ya 2003/04 ilikuwa na Zidane, Figo, Ronaldo, Raúl na Beckham. Wakati fulani walikuwa mbele ya Valencia kwa pointi 8. Kiangazi kile walikuwa wamemuuza Makélélé kwenda Chelsea, yule aliyekuwa anawafanyia kazi ya kukaba. Kocha wao Carlos Queiroz akawa anapanga karibu watu walewale kila mechi, ligi, kombe na Ulaya. Kufika Machi na Aprili wakafungwa fainali ya kombe na Zaragoza, wakatolewa Ulaya na Monaco, kisha wakapoteza mechi zao tano za mwisho za ligi. Wakamaliza wa nne, Valencia bingwa. Ukitazama majina tu utasema walirogwa. Miguu ilikuwa imekwisha.

Sasa wewe. Hela ya nauli, maji na chakula usiiguse, na mwambie MtotoWaTandika nimesema kwa heshima. Kijana aliyelala njaa hata umfanyie nini hataruka kona. Tena ningeomba kamati impe namba sita wako posho ya usiku mmoja kabla ya mechi, aiache bajaji alale. Fidia ya usiku mmoja haifiki hata nusu ya wanachotaka kupeleka kwenye huo ufundi. Mazoezi ya wiki yapunguze, kimbiza Jumanne, Alhamisi gusa mpira tu. Na usisubiri dakika ya 80 kufanya mabadiliko. Dakika ya 60 ingiza viungo wabichi hata kama hawana kiwango chake, maana mtu mbichi wa kawaida anakaba kuliko fundi aliyechoka.

GunnerWaSinza:

Mzee kaongea. Mimi naongezea la nahodha, maana linanigusa. Arsenal yetu Aprili 2023 tulikuwa mbele kwa pointi 8, Manchester City wakiwa na kiporo. Anfield, kwa Liverpool, tuliongoza 2–0, ikawa 2–2. West Ham vilevile, 2–0 ikawa 2–2. Halafu 3–3 na Southampton waliokuwa mkiani, halafu 4–1 kwa City. Watu walimtukana kila mtu, moyo, kocha, nahodha. Lakini beki wetu wa kati William Saliba alikuwa ameumia mgongo Machi, na bila yeye hatukuweza tena kukaba tukiwa juu. Tukamaliza pointi 5 nyuma.

Kabla hujamvua mtu kitambaa, kaa na daftari lako uangalie nani alikuwepo mlipokuwa mnashinda na sasa hayupo.

WingaWaTemeke:

Ndugu yangu, umenigusa penyewe. Beki wetu wa kati wa kushoto alipata kibarua Mkuranga, akaondoka wiki moja kabla ya sare ya kwanza. Hakuwa na jina kubwa, hata mashabiki hawakumzungumzia. Ila yeye ndiye aliyekuwa anapiga kelele "toka! toka!" mstari mzima unapanda. Aliyechukua nafasi yake ni mzuri hewani, lakini hasemi.

GunnerWaSinza:

Ndiye huyo. Nahodha muache na kitambaa chake, anabeba lawama ya mtu aliyeko Mkuranga.

BekiTatu:

Mimi nipo na kocha mkuu kwa sehemu. Mechi ya wapinzani sare inawafaa nyie zaidi, kwa hiyo pale mabeki watano siyo kosa. Ila mechi nyingine ukianza na watano utakuwa umewatangazia wote kwamba mnaogopa.

DadaMpira:

BekiTatu, sare inawafaa kama bado wanaongoza siku hiyo. Wakifika hapo wamedondosha nyingine, itawazika. Na kujaza watu nyuma hakuzuii mabao. Manchester United 2012 walikuwa mbele ya City kwa pointi 8 zikiwa zimebaki mechi sita. Wakafungwa na Wigan. Nyumbani na Everton wakaongoza 4–2 mpaka dakika za mwisho, ikawa 4–4. City wakawafunga 1–0. Mwisho wote wawili 89, United wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao 8 tu, bao la Agüero wa City dakika za nyongeza. Kwa hiyo kaka, hata mkiongoza 2–0 tafuteni la tatu, na kaangalie kanuni za ligi yenu zinasemaje mkilingana pointi.

WingaWaTemeke:

Nimewasoma wote, asanteni kutoka moyoni. Alhamisi nitasema hivi: hela ibaki kwenye chakula na posho ya usiku ya namba sita, nahodha abaki, mfumo ubaki wetu wa siku zote, mabadiliko dakika ya 60. Msimamo nimeshauchora upya, pointi 1. Kanuni nitaziomba kesho. Wazee nitawaendea nyumbani mmoja mmoja kabla ya kikao, nisiwabishie mbele za watu.

Kimoja bado kinanisumbua. Nani atapiga kelele ya kupandisha mstari? Beki wangu mpya nimemsihi sana, ni mkimya kwa asili.

KipaMstaafu:

Mpe kipa. Yeye ndiye anayeona uwanja wote, na hakimbii, pumzi anayo. Muda huu anabutua kwa sababu amezoea kuwa mtu wa mwisho, hajazoea kuamrisha. Mfundishe maneno mawili tu: "toka" mpira ukiondoka, "shika" ukirudi. Mazoezini mabeki wasiruhusiwe kusogea mpaka wamsikie. Mara ya kwanza itakuwa vurugu, ya tatu watazoea.

Uwanja wenu naufahamu kama ni ule wa karibu na reli. Nitumie ujumbe, Jumanne jioni nije nikae nyuma ya goli lake.

WingaWaTemeke:

Ni huohuo mzee wangu. Nakutumia sasa hivi. Tunaanza saa kumi na moja.