Waliopanda mlima wa Jabal Nur kule Makka hadi pango la Hira, tupeane uzoefu

Binti wa Majengo
Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo nimefagia chini ya kitanda nikakutana na raba zangu za Umra ya 2019. Soli bado ina vumbi lile la kahawia, na magoti yakaniuma hapohapo kama asubuhi ile. Wale mliopanda njooni tuzungumze, maana baba yangu anasafiri na msafara wa Rajab na ameshatangaza nyumba nzima kwamba mlimani lazima apande.

Sisi tulitolewa hotelini saa tisa usiku. Kiongozi alisema ni ziara ya nusu siku tu, saa nne tumerudi, Adhuhuri tunaswali Haram, Msikiti Mtukufu. Basi likatushusha barabara kubwa. Kutoka hapo kuna kile kilima cha lami kinachopita katikati ya mtaa, mwinuko mtupu, na wengi wetu pumzi iliishia pale kabla ya ngazi ya kwanza. Hakuna aliyetuambia. Teksi ndogo zilikuwa zimejipanga pale chini, sisi tukazipita tukiona watu wazembe ndio wanaopanda.

Ngazi nilizimaliza kwa kupumzika pumzika. Kilichonishinda ni juu. Ukifika kileleni unadhani umefika, kumbe pango liko upande wa pili: unashuka kidogo, halafu unajipenyeza kwenye ufa kati ya majabali. Mimi nina mwili. Niliingia ubavu ubavu, mbele yangu mzee wa Kituruki, nyuma kina mama wanasukuma, na wanaotoka pangoni nao wanataka kupita palepale. Baibui likanasa kwenye jiwe. Mbele siendi, nyuma sirudi, kifua kimebanwa. Nilianza Ayatul Kursiyy nikaikosea, mimi niliyeihifadhi tangu chuoni. Mkono wa mama nisiyemjua ukapita juu ya bega langu ukalinasua lile vazi polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Uso wake sikuuona mpaka leo.

Mzee wangu ana miaka 71. Nimwambie nini?

Mtoto wa Pangani
Kile kilima cha lami! Dada umenikumbusha. Mwambie mzee apande teksi hadi penye ngazi, aibu aiache hotelini.

Ustadhi wa Kisauni
Wa alaykumus salaam. Mwambie asipande. Pale chini pameandikwa kwa lugha nyingi kwamba Mtume (s.a.w.) hakuagiza kupanda mlima huu wala kuswali juu yake. Si nguzo ya Hija, si wajibu, si suna. Mzee wa miaka 71 anaacha swala ya Alfajiri Msikiti Mtukufu, swala moja sawa na laki moja, anakwenda kung'ang'ania mawe. Baadaye goti likimvimba anatufu kwa kiti cha magurudumu.

Abuu Sumayya, Maskati
Ustadhi, kibao tumekisoma sote. Hakuna hapa aliyesema ni ibada. Mtu anakwenda kupaona mahali iliposhuka Iqra, wahyi wa kwanza wa Kurani, moyo wake ukumbuke. Na hiyo laki moja, wapo wanavyuoni wengi wanaosema ni ya eneo lote la Haram, si msikiti peke yake, na Jabal Nur imo ndani ya mipaka. Tusiwakatishe watu tamaa.

Ustadhi wa Kisauni
Simkatishi mtu tamaa, Abuu Sumayya. Nimewaona kwa macho yangu wanaokwangua mawe kuweka mfukoni na wanaoandika majina ya watoto wao kwenye jabali kwa rangi. Hilo ndilo linaloniuma.

Abuu Sumayya, Maskati
Hapo tuko pamoja. Na mimi yaliniuma.

Mama Wawili, Kigoma
Mimi nilipanda 2017. Nilipoingia ndani nikakumbuka hadithi ya buibui aliyetanda utando mlangoni na njiwa wakataga, nikalia sana.

Mtoto wa Pangani
Mama, pole, hiyo ya buibui husimuliwa kuhusu pango la Thaur, alipojificha Mtume na Sayyidna Abubakar wakati wa Hijra. Thaur iko kusini ya Makka, na ni ndefu kuliko Nur. Hira ndiko alikokuwa akijitenga kabla ya utume, na ndiko Jibril alikomjia akiwa na miaka arubaini.

Mama Wawili, Kigoma
Ahsante mwanangu. Kwenye basi walituonyesha yote kwa siku moja, Thaur, Arafa, Muzdalifa, Mina, kiongozi anasema kwa spika mbovu, mimi niko kiti cha nyuma. Nimekaa na kosa hilo miaka yote. Lakini machozi yalikuwa ya kweli.

Fundi Seremala wa Ilala
Ushauri wangu mfupi: apande usiku, saa nane awe anaanza. Jua likichomoza lile jabali linakuwa kikaango.

Bi Mkubwa wa Mtoni
Usiku hapana! Taa hazitoshi kote na ngazi hazilingani, nyingine fupi nyingine inafika gotini. Mimi nilipanda baada ya Alasiri, kivuli kimeshaingia, nikashuka na Magharibi.

Fundi Seremala wa Ilala
Baada ya Alasiri mawe bado yanarudisha moto wa mchana kutwa, Bi Mkubwa. Labda miezi ya baridi.

Bi Mkubwa wa Mtoni
Ilikuwa Januari.

Mkaazi wa Eldoret
Mnamtisha mzee bure. Mlima una mita 640 tu.

Mtoto wa Pangani
Hata hizo 640 ni kutoka usawa wa bahari, na Makka yenyewe iko juu karibu mita 280. Kwa hiyo anachopanda hakifiki 400. Ila ngazi ni zaidi ya elfu moja, na goti halihesabu kutoka baharini.

Nassor wa Chumbageni
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Lakini mmetaja wazee na mimi siwezi kunyamaza.

2018, mwezi wa Shaabani, nilikwenda na mama yangu. Alikuwa na miaka 67, sukari anayo, goti la kulia ndilo bovu. Tulikuwa watu 31 kwenye msafara. Tulianza ngazi saa kumi kasoro. Tulipofika kama nusu, penye kibanda cha muuza maji, mama akakaa. Akasema Nassor, mimi basi, hapa pananitosha. Muuza maji alikuwa mzee wa Kibengali mwenye ndevu nyekundu za hina. Akamsogezea mama kreti la soda akalie, na boksi la kadibodi akalifanya upepeo. Nikamnunulia mama maji na biskuti, nikamwambia usiondoke, nakwenda na kurudi, nusu saa. Simu zote mbili niliondoka nazo mimi, maana yake ilikuwa inaisha chaji na nilitaka kumpigia picha juu.

Nusu saa. Ndugu zangu, foleni ya pango peke yake ilinila dakika hamsini. Tuliswali Alfajiri kule juu, tukaingia mmoja mmoja. Ndani panabana, urefu hautimii hata mita nne, upana wa kama mita moja na nusu. Nikaomba dua, nyingi nikamwombea mama. Nikatoka nimefurahi.

Nashuka mpaka kwenye kibanda, kreti liko wazi. Biskuti ziko juu yake, hazijafunguliwa. Muuza maji hayupo, yupo kijana mwingine asiyejua lolote. Namuuliza kwa Kiarabu changu cha madrasa, *ummi, ummi*, ananionyesha chini. Nikashuka mbio. Chini kabisa hayupo. Kwenye basi hayupo. Kiongozi ananiambia kaka, tusubiri kidogo, labda amekwenda kujisaidia, na wengine basini wanaanza kuguna, Adhuhuri itatupita. Nikapanda tena. Ngazi zile mara ya pili, na jua sasa limetoka. Kila mama mwenye mtandio mweupe namshika bega, anageuka si yeye. Kuna wale wanaokaa njiani na ndoo ya saruji wakiomba riyali kwamba wanatengeneza ngazi, nikawauliza wote. Nikaanza kuchungulia chini ya majabali, pembeni, kule ambako mtu akiteleza. Sijawahi kumwambia mtu hili: nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia dada yangu kwa simu.

Nitaendelea, naitwa dukani.

Mama Wawili, Kigoma
Ya Rabbi. Nassor usituache hapo.

Bi Mkubwa wa Mtoni
Huyu kijana anatuweka roho juu. Kwani alipatikana?

Mkaazi wa Eldoret
Lakini samahani, mgonjwa wa sukari unamwacha peke yake bila simu?

Fundi Seremala wa Ilala
Ndugu, ameshasema mwenyewe. Usimwongezee.

Mkaazi wa Eldoret
Nasema ili mwingine ajifunze, sina nia mbaya.

Abuu Sumayya, Maskati
Wakati tunamsubiri: dada Binti wa Majengo, mwambie baba asibebe mfuko wa chakula mkononi. Kule kuna nyani. Mwenzetu walimpokonya tende nzima za Ajwa alizonunua Madina, wakakaa juu ya jabali wanakula wanatutazama. Tulikuwa tumetoka Maskati kwa basi, njia yote hiyo, na tende zile alizilinda kama pasipoti.

Ustadhi wa Kisauni
Fimbo ya kutembelea inafaa. Na dawa zake azibebe.

Mtoto wa Pangani
Ustadhi, si ulisema asipande?

Ustadhi wa Kisauni
Nimesema asipande. Akipanda, abebe fimbo. Ni baba wa Kiislamu kama baba yangu.

Nassor wa Chumbageni
Nimerudi, samahanini.

Nilimkuta juu. Kileleni kabisa, kwenye jabali lililo juu ya pango, amekaa na kina mama wa Kiindonesia wamevaa mitandio ya rangi moja, mmoja anamkanda goti kwa mafuta ya karafuu. Nilikuwa nimempita. Wakati mimi nimebanwa kwenye ufa, yeye alikuwa anamalizia ngazi, ameshikwa mkono huku na huku. Muuza maji mwenyewe ndiye aliyembebea kandambili zake mpaka pale, ndiyo maana kibanda kilikuwa na kijana mwingine.

Miguu iliniishia nikakaa chini. Nikamwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, mama, si nilikuambia usiondoke? Akaniambia, "Bi Khadija alikuwa anapanda huku na chakula cha mumewe, Mtume, ana miaka hamsini na kitu. Hakukuwa na ngazi hizi. Mimi sijabeba hata birika." Kisha akanielekeza kwa kidole: mnara wa saa ulikuwa unaonekana kwa mbali, na Haram iko chini yake. Akasema, "Nilikuwa najiuliza huyu mama alikuwa anaona nini akifika. Sasa nimejua aliona bonde, na nyumba yake ndani ya bonde."

Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya pango lenyewe na Bi Khadija hakunijia kichwani hata mara moja. Niliwaza Jibril, niliwaza Iqra. Mama aliwaza yule aliyekuwa anasubiri nyumbani, na ambaye mumewe alirudi anatetemeka anasema nifunikeni, nifunikeni, akamfunika.

Pangoni hakuingia. Alisema ule ufa si wa mtu mwenye goti. Tulishuka saa mbili nzima, anakaa kila ngazi kama mtoto. Basi lilikuwa limeondoka. Hilo nilimlaumu kiongozi, nikaja kumwelewa, ana watu 29 wengine. Tulirudi kwa teksi, riyali 30, mama anasema ni wizi.

Amefariki mwaka jana, mwezi wa Mfungo Sita. Kandambili zile bado ninazo.

Mama Wawili, Kigoma
Allah amrehemu mama yetu. Nimelia mbele ya wateja.

Bi Mkubwa wa Mtoni
Inna lillahi. Mwanangu, hukukosea peke yako, sote tumewahi kumwacha mtu "nusu saa".

Mkaazi wa Eldoret
Nassor, nisamehe kwa maneno yangu ya juu. Allah ampe kauli thabiti.

Nassor wa Chumbageni
Hukukosea, ndugu. Usifute, yabaki.

Fundi Seremala wa Ilala
Basi ushauri umepatikana hapa: kila mtu abaki na simu yake, yenye laini ya kule, na jina la hoteli kwenye karatasi shingoni.

Mtoto wa Pangani
Na kwa asiyeweza kupanda: pale chini siku hizi kuna mtaa wa Hira uliofunguliwa 2023, una maonyesho ya Wahyi. Mkewe mzee mmoja wa msafara wetu alibaki huko kwenye ubaridi, tulipotoka mlimani akatusimulia sisi.

Abuu Sumayya, Maskati
Nassor, swali moja. Yule muuza maji ulimwona tena?

Nassor wa Chumbageni
Wakati wa kushuka tulimkuta kwenye kibanda chake. Nilitoa riyali 50 akazikataa. Mama akatoa zile biskuti, akazipokea.

Binti wa Majengo
Nimemsomea baba yote, neno kwa neno, tangu juu. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema mwambie huyo Nassor nitamwombea mama yake nikifika pale juu. Ile ya teksi amekubali. Fimbo amekubali. Nimemnunulia raba namba 43, nzuri, soli nene, amezikataa. Anasema anakwenda na makubadhi yake ya Lamu. Mwenye maneno ya kumshawishi aniletee kabla ya Ijumaa.