Ushauri: natunga sikukuu za dunia ya mchezo wetu wa dadu, zote zinaishia kuwa mnada na pombe

Dadu wa Uyole
Wakuu, habari za huko. Niende moja kwa moja.

Mimi ndiye mwendeshaji wa kundi letu la RPG hapa Mbeya. Tunacheza mezani: karatasi, penseli, dadu za pande ishirini, kila mtu na mhusika wake, mimi nashika dunia nzima. Kwa wasioujua, ni ukoo ule wa Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974. Dunia nimeitunga mwenyewe: nyanda za juu zenye ukungu, falme nne, mji mkuu uko ukingoni mwa ziwa lililolala kileleni mwa mlima (aliyewahi kupanda Ngosi ananielewa).

Shida ni sikukuu. Kalenda nimeijaza: Siku ya Mungu wa Mvua, Siku ya Mungu wa Chuma, Siku ya Malkia. Wachezaji wakiingia mjini naeleza ngoma, taa, vibanda vya nyama choma. Wananiuliza bei ya pombe, wanakunywa, wanaondoka. Kikao kijacho wanafika mji wa mpakani mkesha wa mwaka mpya, na sitaki iwe vilevile. Siku yenyewe nifanyeje iwashike? Na miezi 12 ya siku 30 inatosha au niongeze?

Naomba kuwasilisha.

Kitulo Baridi
Mkuu, miungu waweke pembeni kwanza, angalia ghalani kuna nini. Huku kwetu Makete mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Novemba mpaka Aprili au Mei, halafu Juni na Julai baridi inatutesa. Sasa fikiria Januari: shamba lote kijani, mahindi yamefika kiunoni, na debe la mwisho la mwaka jana linakwanguliwa. Wewe ungeweka sikukuu wakati wa mavuno kwa sababu chakula kipo. Mimi ningeiweka hapo Januari.

Mfano, iite Usiku wa Debe. Kila mwenye akiba anaweka debe la nafaka nje ya mlango jua likizama. Yeyote anachota. Mwiko ni mmoja tu: mwenye nyumba hachungulii nje mpaka jogoo awike. Basi, hapo huhitaji zimwi. Kuna tajiri aliyejaza pumba chini na kutandaza mahindi juu. Kuna mama aliyechungulia, akamwona mkwe wake anachota, na sasa hawezi kusema alimwona bila kukiri mwiko ameuvunja. Na yule mchezaji wako mwenye mhusika mwizi (kila kundi linaye) atafanya nini usiku ambao kuchukua ni halali?

Halafu kuna maua. Kitulo tunaiita Bustani ya Mungu, masika inachanua mpaka unasahau njia. Ila kuna watu huchimba viazi vya okidi usiku, vinavuka mpaka kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko. Chukua hiyo: sikukuu ya maua ambayo siku hiyo kuchimba ni marufuku, na kumbe ndiyo siku bei ya viazi inapanda kuliko zote kwa sababu walinzi wote wako kwenye ngoma.

Bei ya Mbolea
Watu wazima mnakaa mnarusha dadu kutafuta mazimwi. Mahindi debe shilingi ngapi mnajua?

Kitulo Baridi
Debe limetajwa hapo juu mara kadhaa, mkuu. Soma kwanza.

Mgema wa Kalenga
Hahaa. Mimi nataka kutetea pombe kidogo, maana mleta uzi anaisema kama ndiyo mkosaji. Kosa ni kwamba pombe yako ipo mwaka mzima! Huku Iringa ulanzi una msimu wake. Mvua zikija machipukizi ya mianzi yanakatwa ncha, unatundika mbeta (kipande cha mwanzi cha kukingia), unapita asubuhi na jioni kukata kidogo tena na kukinga. Ukinywa mapema ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ukichelewa umekuwa mkangafu na unakuangusha. Huwezi kuuweka kabatini ukingoje tarehe.

Kwa hiyo sikukuu yake haina tarehe. Inaanza siku mbeta ya kwanza inapojaa kwenye kijiji fulani, na habari inakwenda kwa mguu. Wachezaji wako wanaweza kuwa ndio waliobeba habari. Na uweke sheria: aliyekunywa mbeta moja na wewe huwezi kumdai wala kumshtaki mpaka kiangazi. Uone wadaiwa watakavyowakimbilia wanaowadai wakiwa na mbeta mkononi, na wenye kudai wanavyojifungia ndani. Hapo pombe imekuwa silaha.

Mwalimu wa Jiografia, Tunduma
Nijibu la kalenda, naona limerukwa. 12 mara 30 ni 360, kwa hiyo kama mwaka wako una siku 365 utabaki na tano mkononi. Usizifiche ndani ya miezi. Waethiopia wana miezi 12 ya siku 30, halafu mwezi wa 13, Pagume, wa siku 5, au 6 kila mwaka wa nne, ndipo mwaka mpya wao unaingia Septemba. Siku za namna hiyo ni dhahabu kwa mwendeshaji. Kibarua wa mwezi analipwa siku hizo? Mtoto aliyezaliwa humo ana umri gani? Mkataba unaoisha "mwisho wa mwezi" umeisha au bado?

Jambo la pili: falme nne, kalenda moja? Hapana. Mmoja uufanye ufuate mwezi mwandamo. Mwaka wa miezi mwandamo 12 una siku kama 354, kwa hiyo sikukuu zake zinarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, leo zinaangukia kwenye mvua, miaka ya baadaye kwenye baridi. Na mabishano ya nani kauona mwezi yapo hata kwetu kila Idd, sihitaji kueleza.

Tatu, nikiwa jirani na Mbozi siwezi kuacha kimondo. Kile chuma cha tani kama 16 kimelala pale Marengi na hakuna kumbukumbu ya mtu aliyekiona kikianguka. Kwenye mchezo wako weka jiwe kama hilo, na koo mbili, kila moja ina tarehe yake ya kuadhimisha anguko. Wachezaji wafike katikati ya tarehe hizo mbili, ukoo mmoja unafagia uwanja, mwingine ndio unapamba.

Busokelo Mvua Tupu
Kwa mwaka mpya ninalo la kwetu Unyakyusa, ila nitaweka na angalizo.

Zamani kulikuwa na ubusoka. Haukuwa wa kila mwaka, ni mara moja kwa kizazi. Wazee wanaachia, vijana wa rika linalofuata wanakabidhiwa nchi. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwetu kati ya 1934 na 1938, waliandika habari zake nyingi. Katika siku hizo moto wa zamani ulizimwa majumbani na mpya ukapekechwa kwa vijiti. Sasa wewe mleta uzi umetuandikia taa na nyama choma. Mimi ningekuambia zima kila kitu. Mji mzima hauna moto, na Tukuyu ninavyoijua mimi, na mvua juu. Mgonjwa anatetemeka, mhunzi amekaa, uji haujapikwa. Nani anapekecha ule mpya? Na kuna mzee ambaye hataki kuachia, amefunika kaa moja chini ya majivu.

Angalizo: chukua umbo, usichukue vitu vyenyewe. Matambiko ya Lubaga, msitu mtakatifu wa kwetu, na majina ya wahenga wa watu uyaache yalivyo, wapo wanaoyaheshimu mpaka leo. Badilisha jina, badilisha sababu, badilisha anayeongoza.

Mgema wa Kalenga
Naunga mkono hilo la kubadilisha sababu. Tena si lazima watu wa mji wako waijue sababu. Saba Saba ni siku ya kuzaliwa TANU, 1954. Leo muulize kijana, atakwambia maonesho ya biashara. Weka sikukuu ambayo mfalme anasema ni ya ushindi wake, na bibi kizee anasema ilikuwepo kabla babu yake mfalme hajazaliwa. Wakiwauliza wote wawili tayari wana kazi ya kikao kizima.

Dadu wa Uyole
Wakuu mmetisha. Hivi ndivyo nilivyounganisha, mniambie panapovuja.

Siku tano zisizo na mwezi. Ya kwanza mioto yote inazimwa. Siku tatu mji ni giza, hakuna deni linalodaiwa kwa sababu siku hizo hazimo kwenye mwezi wowote. Ya tano moto mpya unapekechwa juu kilimani na kushushwa nyumba kwa nyumba. Siku hizo tano ni za ufalme wa mashariki tu, upande wa pili wa mpaka ni siku za kawaida, na wafanyabiashara wao wanaingia na taa zao.

Wachezaji wangu ni watu wa kupigana. Wakikaa gizani siku tatu watachoka.

Kitulo Baridi
Usiwasimulie siku tatu zote. Wape jukumu langoni. Kwa mfano, moto mpya haubebwi na mwenyeji, maana kila mwenyeji ana ndugu atakayempelekea wa kwanza. Unabebwa na mgeni. Wao ndio wageni. Kuanzia hapo kila mtu mjini ana neno la kuwaambia pembeni, na kila mmoja analiweka na kitu mkononi. Unakumbuka Mwenge wa Uhuru unavyofika wilayani? Tangu uwashwe Kilimanjaro 1961, unakopita barabara inachongwa na madarasa yanapakwa rangi. Moto unaotembea unafichua mengi.

Dadu zirushwe kwenye mvua: kila nyumba kumi, rusha, ukishindwa moto unafifia. Mapigano weka moja tu, na wale wenye taa za ng'ambo.

Busokelo Mvua Tupu
Panapovuja ni kwa mhunzi. Umezima mioto yote lakini umesema mji uko mpakani. Ngome ya mpakani haikubali tanuru lizimwe siku tano. Kwa hiyo mhunzi ana ruhusa ya siri kutoka kwa jemadari, au anamlipa mtu. Amua ni ipi kabla ya kikao cha Jumamosi, kwa sababu yule mwizi ataona moshi.

Dadu wa Uyole
Analipa. Na anayempokea ni mzee wa kaa.