Naomba ushauri: Nimeitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, nianze na historia au na maisha yangu?

Kijana_wa_Songea:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa miaka 20, mkazi wa Songea, na mwaka huu nimehitimu kidato cha sita kwa mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) nikiwa na daraja la kwanza. Kuna taasisi inayotoa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, na sharti lake la kwanza lilikuwa kuandika insha yenye tafakari juu ya historia, magumu ambayo mwombaji ameyapitia na mafanikio aliyoyapata. Niliiandika, nikaituma, na sasa nimeitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo.

Katika insha hiyo nilieleza kwamba babu wa baba yangu alishiriki Vita vya Majimaji. Kisha nikaeleza jinsi baba alivyofariki nikiwa kidato cha pili, nikawa nabeba magunia ya mahindi msimu wa mavuno na kuchuma kahawa Mbinga wakati wa likizo, ili nipate fedha za sare na madaftari. Hoja yangu ilikuwa kwamba ushupavu wa waliotutangulia ndio ulionishikilia nisiache shule. Sasa nianze na historia au na maisha yangu? Nahisi sehemu ya historia ndiyo iliyowavutia na kwamba wataichimba, na tangu nipigiwe simu sipati usingizi. Naomba msinikejeli.

Mshauri_wa_Ajira:
Kijana, insha imeshakwenda, achana nayo. Swali la maana ni unakwenda kusoma nini. Mpwa wangu alimaliza shahada ya historia akaishia kuendesha bodaboda Mbezi, na bodaboda yenyewe ni ya mkataba. Kwa ufaulu wako, ukipata fedha hizo omba sheria. Historia utaisoma ukistaafu.

Mama_Wawili:
Pole sana mwanangu kwa kuondokewa na mzazi. Mimi niliachiwa wadogo zangu nikiwa binti mdogo, nikauza vitumbua stendi ya Njombe kwenye baridi ile inayopasua midomo, ninakanda unga saa tisa usiku huku vidole vimekufa ganzi, na wote walisoma mpaka mmoja ni muuguzi leo. Hakuna aliyeniomba niandike insha. Vijana wa sasa mna bahati ya kuulizwa shida zenu. Nenda na shati lililopigwa pasi, wasalimie wote kwa heshima, usilie mbele yao, na umtangulize Mungu.

Mwalimu_Mstaafu:
Kijana, nimesahihisha insha za vijana wa rika lako kwa muda mrefu, na naona kuna jambo unalizunguka. Mtu aliyepata daraja la kwanza hakosi usingizi kwa ajili ya kuchagua aya ya kuanzia. Umesema babu wa baba yako alishiriki vita vile. Alikuwa chini ya nduna gani, yaani kiongozi gani wa Kingoni, alipigana wapi, na alikuwa upande upi?

Kijana_wa_Songea:
Shikamoo Mwalimu. Sikukusudia kuficha, niliona halihusiani na swali langu. Ukoo wetu asili yake ni Tabora. Babu wa baba alifika huku akiwa askari wa Wajerumani, na vita vilipokwisha akabaki, akaoa Mngoni, akajenga. Hatujui alimuua nani wala alichoma ghala la nani, kwa kuwa babu hakupenda mazungumzo hayo na baba alitukataza kabisa kuuliza.

Lakini naomba nieleweke. Katika insha ile hakuna sentensi hata moja ya uongo. Niliandika kwamba alishiriki, na ni kweli alishiriki. Msomaji akidhani alikuwa miongoni mwa waliompinga Mjerumani, hayo ni mawazo yake. Isitoshe, kila mwanafunzi wa Songea anayeandika habari za Majimaji hujiweka upande wa walionyongwa. Kwa nini mimi niwe wa kwanza kusema kwamba sisi tulikuwa upande wa walioshika kamba? Nimeshaamua kwamba wasipouliza sitataja. Ninachohitaji ni jibu fupi endapo watauliza.

Kofia_Nyekundu:
Angalia kwanza nani ameketi mezani. Mwenyekiti akiwa Mjerumani, babu alikuwa askari mtiifu. Akiwa Mngoni, babu alikuwa mpishi wa askari, na hata huo wali alikuwa anauunguza makusudi.

Mtoto_wa_Umatengo:
Ndugu yangu, usibebe mzigo peke yako. Sisi Wamatengo tunasimuliwa kwamba kabla ya Mjerumani kufika, Wangoni, ambao nao walitoka kusini mwa Afrika wakiteka watu njiani, walitushambulia mpaka wazee wetu wakapanda milimani. Kule juu ndiko walikojifunza kulima kwa ngoro, yale mashimo unayoyaona kwenye miteremko ya Mbinga ulipokuwa unachuma kahawa. Nyasi hufukiwa chini, maji ya mvua yanatuama shimoni na udongo haukimbii. Babu yangu alikuwa akisema kwamba habari za mashujaa wa Ungoni zinamfanya atafute panga lake. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba, na ahsante kwa kujibu. Sasa nitasema kwa kirefu, mtanivumilia.

Jeshi la Wajerumani katika nchi hii lilikuwa na maofisa wachache wa Kizungu, na sehemu kubwa ya waliobeba bunduki walikuwa Waafrika: kwanza Wasudani na watu kutoka Msumbiji, baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Vita vile haviwezi kuelezwa bila wao. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapo Songea, na kila Februari mji wenu huwakumbuka penye Makumbusho ya Majimaji. Kilichoua watu wengi zaidi, hata hivyo, hakikuwa kamba wala risasi, kilikuwa njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi ili watu wasalimu amri. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Mikono iliyowasha moto huo ilikuwa ya askari, na hilo lazima ulitazame bila kufumba macho.

Lakini fikiri kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo, na simulizi walizokusanya ndizo msingi wa mengi tunayofundisha. Wazee wale walieleza habari za kulazimishwa kulima pamba, za kodi, za maji ya dawa, na za jamaa zao waliouawa. Wajukuu wa askari walinyamaza, kama ulivyonyamazishwa wewe. Wajumbe wako watakuwa wamesoma insha nyingi za wajukuu wa mashujaa, lakini ya mjukuu wa askari aliyekulia miongoni mwa watu waliopigwa na babu yake huenda hawajawahi kuiona. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Ikiwa mkuu wa nchi iliyotoa amri aliweza kusimama hapo, wewe ambaye hata hukuwa umezaliwa unaogopa nini?

Mpekuzi:
Ndugu zangu, mnakunywa chai isiyo na sukari. Akaunti hii ni mpya na haina uzi mwingine wowote. Kijana wa miaka 20 leo hawezi kuwa na babu wa baba aliyebeba bunduki mwaka 1905. Labda babu wa babu. Tena anadai walikatazwa kuuliza, lakini anajua mpaka asili ya ukoo, ndoa na nyumba. Kwa maoni yangu huyu ni mwandishi anayejaribu hadithi yake kwetu, na Mwalimu amemwandikia sura nzima bure.

Mama_Wawili:
Kijana, kama umemuua baba yako kwa ajili ya uzi wa mtandaoni, hilo utalimaliza wewe na Mungu wako.

Kijana_wa_Songea:
Mama, baba yangu amelala makaburini, na nisingethubutu kufanya mzaha huo. Mpekuzi, fanya hesabu: babu alizaliwa 1913 hapa hapa Songea, baba alizaliwa 1958 akiwa kitinda mimba, nami nikazaliwa 2005. Askari aliyekuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1905 anaingia hapo bila kusukumwa.

Aliyenieleza ni shangazi yangu mkubwa, baada ya arobaini ya baba, tulipofungua sanduku la nguo zake ili tugawane. Ndani ya kitambaa mlikuwa na rupia ya fedha ya mwaka 1892. Upande mmoja una sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili una simba na mtende. Imetobolewa karibu na ukingo ili ipitishwe uzi, na tundu hilo limekula herufi mbili. Shangazi alisema bibi yao, yule Mngoni, ndiye aliyekuwa akiivaa shingoni.

Mpekuzi:
Rupia za namna hiyo wanauziwa watalii Zanzibar. Hesabu ya miaka naikubali, ya sarafu bado.

Mshauri_wa_Ajira:
Mmeongea mpaka mmefika Zanzibar na bado hakuna aliyesema kijana atasoma nini.

Kofia_Nyekundu:
Atasoma sheria, ili amtetee babu.

Kijana_wa_Songea:
Nimesoma yote, na nawashukuru, hata wewe Mpekuzi. Nimeamua kuanza na maisha yangu, kwa sababu magunia yale niliyabeba mimi mwenyewe na hakuna wa kunipinga. Sitalitaja suala la upande nisipoulizwa. Nikiulizwa, nimeandaa jibu hili: "Vita vya Majimaji vilipoanza Songea mwaka 1905, babu wa baba yangu alikuwa askari katika boma la Wajerumani. Mke aliyemuoa baadaye alitoka kwa watu waliopigwa, kwa hiyo mimi ni mjukuu wa pande zote mbili, na ninataka kusoma historia ili niweze kuuliza nilichokatazwa kuuliza nyumbani." Mwalimu, je, linatosha?

Mwalimu_Mstaafu:
Linatosha, isipokuwa mwanzo wake. Vita havikuanza Songea. Vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba, na habari za maji zilifika Ungoni baadaye kidogo, mnamo Septemba. Sema "vilipofika Songea", kwa maana mjumbe anayeijua historia akikukamata kwenye sentensi ya kwanza hatakuamini kwenye ya pili. Hilo la kusubiri mpaka uulizwe sikubaliani nalo, ila usaili ni wako. Nitumie insha nzima kwa ujumbe wa faragha kabla ya Jumamosi niipitie.