Mjadala: Milioni 30 kwa kigari chenye mbio. Tununue farasi au tununue gari tutakayoimudu?

Mleta mada (Dar)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi na shemeji yangu tunabishana kuhusu gari hii kila Jumapili hadi chakula kinapoa, nikaona bora tubishane wengi.

Nina milioni 30, na hapo ndani iwemo kuagiza Japani, kodi, wakala, mpaka namba ifungwe. Sitaki gari ya kubebea ukoo, wala sitaki IST nikapotea kati ya IST mia kwenye foleni ya Mwenge. Nataka hachibeki ndogo (gari fupi isiyo na buti ya kutokeza nyuma) ambayo ukiikanyaga inachanganya. Zimebaki nne: Subaru Impreza S-GT, Golf GTI ya kizazi cha 6, Swift Sport ya kuanzia mwishoni mwa 2011 hadi 2016 (ile ZC32S), na RunX Z, ambayo wengi hawaijui kwa kuwa kwao RunX zote ni moja.

Kwenye karatasi, S-GT ina farasi 250 (nguvu ya injini) kwa uzito wa karibu kilo 1,400. Golf ina 211 kwa uzito kama huo. RunX Z ina 190 kwa kilo kama 1,200. Swift ina farasi 136 tu, ila ina kilo 1,050. Ukigawanya, farasi mmoja wa Subaru anabeba kilo 5.6, wa RunX 6.3, wa Golf 6.6, na wa Swift 7.7. Swift inashika mkia. Na ndiyo hiyo ninayoitaka.

Sababu yangu ni barabara. Toka Dar kwenda Morogoro, kila baada ya kilomita chache kuna kijiji, na kijijini ni 50. Trafiki na tochi ya kupima mwendo kajificha nyuma ya mwembe, na ukipigwa ni elfu 30 papo hapo. Ukivuka kijiji unakuta msururu wa malori ya Tunduma. Hao farasi 250 utawakimbiza wapi? Mjini ndiyo kabisa, tuta hili hujalimaliza lingine hilo. Kwangu raha ya gari ndogo ni kona, breki na gia inayoingia vizuri, na hivyo vyote Swift inavyo kwa bei ya chini. Shemeji anasema mimi ni mwoga wa mafuta. Haya, nivunjeni moyo kwa hoja.

Mwenye Subaru (Mbeya)

Mkuu, umegawanya uzito kwa farasi ukasahau torki, yaani msukumo wa injini unapokanyaga, na torki ndiyo inayokutoa nyuma ya lori. S-GT inatoa Nm 333 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika. Golf yenyewe inatoa 280 ikiwa bado iko 1,700. Swift yako ni 160, na unaipata ukifika 4,400. Maana yake uko nyuma ya semi pale Ruaha Mbuyuni, mbele kumekuwa kweupe kwa sekunde chache. Mimi nakanyaga tu naondoka. Wewe unashuka gia mbili, injini inalia, na ukija kuchanganya kweupe kumeshafungwa na basi. Farasi unaowaona wa anasa mimi wananipunguzia muda wa kukaa upande usio wangu.

Halafu hiyo milango mitano yako inasukumwa na matairi mawili ya mbele. Mimi naishi nyanda za juu, mvua ikishuka na ukungu ukikaa, nataka magurudumu manne yanayovuta. Hilo kwenye kugawanya kwako halimo.

Wakala wa forodha (Kurasini)

Naingilia kidogo, maana kila mteja akija anaanza na "cc ngapi", kana kwamba cc ndiyo inayomuua. Siyo cc, ni umri.

Chukua gari ambayo thamani yake hadi bandarini ni milioni 10. Ushuru wa forodha 25%, unakuwa 12.5. Injini kati ya cc 1,001 na 2,000 ushuru wa bidhaa ni 5%, na gari ikizidi miaka 10 inaongezwa uchakavu 30%. Jumla inafika karibu 16.9. Weka VAT 18% juu yake, umefika milioni 19.9, bado tozo ndogondogo. Gari hiyohiyo ingekuwa haijafika miaka 8, isingekuwa na uchakavu na ungeishia 15.5. Tofauti ni milioni 4.4. Sasa iwe na injini ya cc 2,300, mfano ile Mazda Axela yenye turbo: ushuru wa bidhaa unapanda hadi 10%, na nyongeza yote haifiki laki nane.

Kwa hiyo S-GT, Golf 6 na RunX Z zote zinakula uchakavu wa 30%, hazina pa kukimbilia. Ile Swift Sport iliyofuata, ZC33S iliyotoka 2017, ina turbo ya cc 1,400, kilo 970 na farasi 140. Ikiwa kati ya miaka 8 na 10 uchakavu wake ni 15%. Bei yake Japani iko juu, lakini pesa yako zaidi inaingia kwenye gari badala ya kuingia kwenye adhabu ya uzee. Na jamani, thamani inayotozwa ni ile iliyoko kwenye mfumo wa TRA. Msije na risiti ya bei ya kutupa mkadhani mmetoka.

Fundi (Ilala)

Nyote mnasoma farasi wa siku gari ilipotoka kiwandani. Gari ya turbo ya miaka kumi na tano siyo farasi 250 tena, ni farasi ambao mwenye gari wa kwanza aliwaacha. Ikija gereji yangu kwa ukaguzi, siwashi redio, nasikiliza.

S-GT: taimingi belti kila kilomita 100,000, na usiamini stika ya Japani kama haina tarehe. Plagi ziko ubavuni kwa sababu silinda zimelala, kazi ya dakika kumi kwenye Corolla hapa ni ya asubuhi nzima, na nitakutoza asubuhi nzima. Kubwa zaidi, injini ile iliwekewa mpango wa kunywa petroli ya oktani karibu 100, ile ya bei ya juu ya Japani. Pampu zetu hazifiki huko. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima, toa mguu.

Golf 6: mnyororo wa taimingi una kifaa cha kuukaza kinachojulikana kwa kufa, na kikifa vali zinakutana na pistoni. Gia boksi yake ya otomatiki, DSG, inataka oili yake kila kilomita 60,000, siyo "oili yoyote nyekundu". Ukiwa na mashine ya kuisoma na fundi anayejua, ni gari tamu. Ukiwa huna, utaniletea kwa breki dauni.

Swift: injini ya M16A ni ndugu wa ile iliyowekwa kwenye baadhi ya Escudo za 1,600, ingawa ya Sport ina kamshafti yake, kwa hiyo vitu vingi vya kawaida vinapatikana. Ila mleta mada, hujasema ni manyuali au otomatiki. Otomatiki yake ni CVT, ile ya mkanda isiyo na gia halisi. Ukichukua hiyo, umelipia stika ya Sport.

Dada wa Golf (Mikocheni)

Fundi ana haki, lakini mnaongea kana kwamba gari inaishi barabarani saa zote. Mimi nakaa kwenye foleni saa mbili kwa siku. Kiti kizuri, kimya, mlango unaofunga kwa sauti nzito: hiyo nayo naihesabu kwenye thamani. Nimeendesha Swift Sport ya rafiki yangu, kila shimo la Bagamoyo Road nililihesabu kwa uti wa mgongo. Nikiwa na miaka 24 ningeipenda.

Mpenzi wa RunX (Mwanza)

Hakuna anayemtetea mnyonge? RunX Z: injini ya 2ZZ, gia sita, ukivuka mizunguko 6,000 inabadilika ikawa gari nyingine. Bodi na taa ni za RunX tu, Kariakoo zimejaa. Ukweli lazima niuseme: torki yake, Nm 180, iko 6,800, kwa hiyo yale aliyosema wa Mbeya yananigusa na mimi. Na injini ikifa usidhani utabandika 1NZ, ile injini ya RunX ya kawaida, ukabaki na gari uliyoinunua.

Mleta mada

Nimesoma yote, na shemeji nimemsomea kwa sauti.

Wa Mbeya, la torki nimelimeza. Nilikuwa nahesabu gari ikiwa peke yake barabarani, na barabara yetu haina mahali pa kuwa peke yako. Ila gari ya turbo ya miaka kumi na tano ninayoiogopa kuikanyaga mlimani kwa sababu ya kokoto za fundi, torki yake itanifaa nini siku ninayoihitaji? Kwa pesa hii S-GT nitakayoipata ni ile ambayo mtu ameichoka. Kama ningekuwa na milioni 45 na fundi wa kuaminika jirani, tusingebishana.

Dada wa Golf, mimi nina miaka 38 na mgongo wangu bado unakubali. Mungu anilinde.

Uamuzi wangu ni Swift, lakini manyuali peke yake, CVT hata ya bure sichukui. ZC33S nimepiga hesabu za wakala: hata kwa uchakavu wa 15% inazidi bajeti, labda nisubiri mwaka. Kwa hiyo ni ZC32S, na nabakiza milioni mbili na nusu pembeni. Matairi yake ni 195/45 ya rimu 17, saizi ambayo dukani wanakuangalia mara mbili, kwa hiyo nataka nianze na seti mpya nzuri, breki padi, oili na bushi za mbele. Nadhani pesa hiyo kwenye matairi na breki itanipa mwendo wa kweli kuliko farasi hamsini za karatasini.

Fundi, ikifika naileta kwako kabla sijaipeleka nyumbani.

Fundi (Ilala)

Ilete jioni ilale hapa, asubuhi niiwashe mwenyewe injini ikiwa ya baridi. Injini ya moto huwa inaficha kelele.

Mwenye Subaru (Mbeya)

Sawa mkuu, hongera kwa Swift. Siku ukija huku, ukiwa chini ya mlima Kitonga nipigie simu. Nitakuwa Iringa, nimeshaagiza chai ya pili.