Naomba ushauri: kukadiria vifo vya ziada Kisumu wakati wa korona

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Najaribu kukadiria vifo vya ziada, yaani vilivyozidi idadi ya kawaida, kaunti ya Kisumu, 2020 na 2021. Nimepiga wastani wa vifo vilivyosajiliwa 2015 hadi 2019, nikautoa kwenye idadi ya kila mwaka wa korona. Lakini 2017 madaktari waligoma, kisha wauguzi nao wakagoma miezi mitano. Mwaka huo si wa kawaida hata kidogo. Tena vijijini wengi hufia nyumbani, huzikwa kwa kibali cha chifu, na kifo huenda kisisajiliwe kabisa. Hao ni watu wetu, sitaki wapotee kwenye hesabu.

Je, niuondoe mwaka 2017? Na pengo la usajili nilirekebishe vipi? Natanguliza shukrani.