Kiswahili changu wanakitumia bure, masaa yangu hawayahesabu

Wakuu, salaam. Jana nimemaliza mafunzo kwa vitendo ya masta ya ushauri nasaha hapa Fort Worth, Texas. Nilitakiwa kuwa na furaha. Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Mimi ni Mtanzania, nimekulia Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na Kiswahili cha Wakongo nimekisikia sokoni tangu nabebwa mgongoni. Ndiyo maana nikachagua kozi hii. Wakongo waliotoka Nyarugusu wako wengi Texas, na wamekuja na mambo mazito. Kwenye usaili nilimweleza hivyo mkuu wa kozi, akafurahi, akasema watu kama mimi ndio wanaotafutwa.

Sasa sikilizeni. Chuo chenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachoidhinisha kozi za ushauri, kinakudai masaa 100 ya mazoezi ya awali, halafu 600 ya mafunzo kwa vitendo, na kati ya hayo 600, masaa 240 lazima uwe umekaa na wateja. Mimi sikulipwa hata senti, na ada nimelipa, kwa sababu masaa hayo ni somo. Chuo kiliahidi kututafutia vituo. Muhula ulipofika tukatumiwa orodha ya namba za simu. Nilipiga kumi na moja, mbili hazipo kabisa. Kituo nilikipata kwa sababu moja tu: nilisema naongea Kiswahili.

Wiki ya kwanza msimamizi akaniambia nitafanya vikao kwa Kiingereza tu. Lazima asikilize rekodi zangu, na Kiswahili hajui. Hilo la rekodi silikatai, miongozo inataka msimamizi asikilize rekodi au atazame kikao, na ni sahihi, mwanafunzi asiachwe peke yake na mtu aliyeumizwa. Nikamwambia: basi mkalimani akae na wewe, mteja akae na mimi. Akajibu bajeti ya ukalimani ni ya wateja.

Kwa hiyo mama wa Kikongo akija anapewa mshauri wa Kiingereza na sauti ya mkalimani kwenye simu iliyowekwa mezani. Mimi niko chumba cha pili. Simu ikigoma naitwa, "njoo dakika tano tu." Dakika tano zinakuwa saa nzima. Natafsiri habari za mtu kuchomewa nyumba, natoka, hakuna anayeniuliza niko vipi, na kwenye fomu siruhusiwi kuyaandika kama masaa ya mteja. Nimeyaandika kwenye daftari langu. Yamefika 61.

Siku moja (sitataja lolote la kumtambulisha) niliitwa kikao kikiwa katikati. Mama alikuwa ameshasema kwenye simu, "niko na mawazo mingi." Natupa jicho kwenye karatasi ya mshauri, imeandikwa kwamba mteja ana fikra nyingi na mipango. Mipango! Nani hapa hajui mtu akisema ana mawazo anasema nini? Nikamwuliza taratibu, "Mawazo ya namna gani, mama?" Akafungua kitenge kichwani, akakikunja mapajani, akakikunja tena, akaanza kulia. Nikaambiwa nisiulize maswali yangu, nitafsiri tu.

Hakurudi tena. Faili lake lina "hakuhudhuria" mara tatu.

Nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo. Jibu lilikuwa mstari mmoja, nizingatie kukamilisha masaa. Kozi nzima ya krediti 60, hatukuwa na kipindi hata kimoja cha namna ya kufanya kazi na mkalimani. Mtihani wa NCE, ule wa taifa wa washauri, nao una maswali 200, yanayohesabiwa ni 160, na maandalizi ya chuo yalikuwa kututumia kiungo cha kununua maswali ya mazoezi kwa hela zetu. Nakariri herufi sita za Holland, zile za aina za watu na kazi zinazowafaa, zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ili nilipe hiyo ada.

Na bado. Baada ya kuhitimu, ili upate leseni kamili Texas inataka masaa 3,000 ya kazi chini ya msimamizi, kati ya hayo 1,500 na wateja, kwa muda usiopungua miezi 18, na usimamizi wa masaa manne kila mwezi. Huo usimamizi kwangu utatoka mfukoni. Nikimpata msimamizi asiyejua Kiswahili tunarudi kule kule: mimi chumba cha pili, mama na simu.

Msiniambie nivumilie, leseni itakuja. Mimi ninaweza kuvumilia. Yule mama nani alimwomba avumilie?

Mwenye kumjua msimamizi wa Texas mwenye LPC-S, yaani mshauri mwenye leseni anayeruhusiwa kusimamia wengine, anayeongea Kiswahili, cha Kongo, cha Mombasa, chochote, aniandikie inbox. Hata awe Houston, nitaendesha gari. Kituo kile kile kimenipa mkataba, wanataka nisaini Ijumaa.