Diski ya Mac, kompyuta ya Windows: njia ipi bora ya kuhamisha mafaili?

mpiga_video
Habari zenu wakuu. Nahariri video za harusi kwenye MacBook, na kazi zote ziko kwenye diski ya nje ya TB 1 yenye fomati ya APFS (mpangilio wa mafaili wa Mac). Mafaili yamefika kama GB 400. Mwenzangu anayemalizia rangi na sauti anatumia Windows 11, na ofisini tuna mashine ya Ubuntu (Linux) ya kuhifadhia kazi za zamani. Diski yangu haifunguki kabisa kwenye Windows. Kuna anayeniambia nifomati iwe exFAT inayosomeka Mac na Windows, mwingine anasema ninunue draiva (programu ya kusomea fomati ngeni), mwingine nipitishe kwenye mtandao. Sitaki kufuta kitu chochote. Ninyi mngechagua ipi?

fundi_waya
Mkuu, kwanza kabisa: Windows ikikuletea kisanduku cha kutaka ufomati diski, bonyeza Cancel kisha uichomoe. Data yako ni nzima, Windows tu ndiyo haijui kusoma APFS. Kazi nyingi za watu zinapotelea hapo hapo, kwa kidole kimoja.

Mimi ningetumia waya wa mtandao. Fomati ni shida pale tu kompyuta inapolazimika kuisoma diski yenyewe. Kwenye mtandao, Mac inasoma diski yake, inatoa mafaili, na Windows inayapokea na kuyaandika kwenye NTFS, fomati yake yenyewe. Hakuna upande unaohitaji kujua mwenzake amefomati vipi. Kwa hiyo hufuti, hubadili fomati, hununui draiva.

Chukua waya wa Ethernet, unganisha kompyuta mbili moja kwa moja bila ruta. MacBook za siku hizi hazina tundu lake, utahitaji adapta ya USB-C. Mashine zote mbili zitajipa anwani zenyewe zinazoanza na 169.254. Kwenye Mac ingia System Settings, General, Sharing, washa File Sharing na uongeze folda yako ya diski ya nje. Sasa hapa ndipo wengi wanakwama: fungua chaguo za ndani za File Sharing, uweke tiki kwenye jina la akaunti yako ya Mac chini ya Windows File Sharing na uandike nenosiri. Bila hiyo tiki Windows itakuuliza nenosiri milele. Ukimaliza, kwenye Windows fungua File Explorer, andika mikwaju miwili ya kinyume (\\) ikifuatwa na anwani ya Mac, halafu ingia kwa jina na nenosiri la akaunti ya Mac. Usijaribu kuingia kama mgeni, matoleo mapya ya Windows 11 yanakataa.

Waya wa gigabiti ukiwa mzima unapitisha karibu MB 110 kwa sekunde, kama diski zenyewe zinaweza kwenda kasi hiyo. GB 400 ni kama saa moja.

begi_mgongoni
Nakubaliana na fundi pale mashine zikiwa meza moja. Lakini mwenzake huyu anakaa wapi? Kama yuko mtaa mwingine, waya haufiki, na kupandisha GB 400 kwenye intaneti ni kuchoma bando bila sababu. Hapo exFAT ndiyo jibu, ila kwenye diski ya PILI. Hiyo ya APFS iache ilivyo.

exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006. Mac inaisoma na kuiandika tangu toleo la 10.6.5 la mwaka 2010. Linux ilikaa muda mrefu bila msaada wa moja kwa moja, mpaka Microsoft ilipochapisha maelezo yake hadharani mwaka 2019. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.7 ya mwaka 2020 draiva nzuri imo ndani. Kwa hiyo Mac, Windows na Ubuntu yako zote zitaandika humo. FAT32 nayo inasomeka kila mahali, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4. Kwa video za harusi haifai hata kuifikiria.

Diski mpya ifomatie kwenye Windows yenyewe, ndivyo ninavyofanya kila mara na sijawahi kupata usumbufu.

fundi_waya
Sawa kabisa kwa safari. Ila mhusika ajue mambo mawili. Diski ya usafiri unakopi mara mbili, kuingiza na kutoa, kwa hiyo muda unaongezeka maradufu. Na kama tundu ni la USB 2.0, unapata MB 30 hadi 40 tu kwa sekunde. GB 400 hapo ni saa tatu za kuingiza na nyingine kama hizo za kutoa.

La pili ndilo zito zaidi. exFAT haina jarida. NTFS huandika kwanza kwenye jarida lake mabadiliko inayotaka kufanya, ndipo inayafanya. Umeme ukikatika katikati, ikiwashwa tena inajua pa kurekebisha. exFAT umeme ukikatika au mtu akichomoa waya kabla ya Eject, unaweza kukuta folda nzima haifunguki. Ni fomati ya kusafirishia, si ya kuhifadhia kazi ya mteja ambayo haina nakala nyingine.

kodi_na_kahawa
Naongezea upande wa Linux. Video hazina shida, lakini ukihamisha folda ya tovuti au ya programu kwa exFAT utashangaa. Kwanza ruhusa za mafaili na viunganishi vyake (symlink) vinapotea, kwa sababu exFAT haina pa kuvihifadhi. Pili, kwenye diski inayozidi GB 32 Windows huigawanya exFAT katika vipande vya KB 128. Faili la KB 2 linachukua KB 128 nzima. Mafaili laki moja ya aina hiyo yatakula karibu GB 12.8 wakati uzito wake halisi ni MB 200. Dawa ni kufunga kila kitu kwenye faili moja la tar kabla ya kukopi. Ruhusa zinabaki humo ndani na kasi inaongezeka sana.

Na kama Ubuntu na Mac ziko kwenye ruta moja, huhitaji hata kusanidi chochote. Fungua terminali ndani ya folda, andika python3 -m http.server, halafu kwenye mashine nyingine fungua kivinjari, andika anwani ya ile ya kwanza ikifuatwa na :8000. Utaona orodha ya mafaili, unashusha. Ukimaliza zima kwa Ctrl na C, maana aliye kwenye mtandao huo huo yeyote anaweza kuyaona.

mama_pesa_ndogo
Kuhusu draiva, angalieni mafaili yanaelekea wapi kabla ya kulipa. Mac inasoma NTFS bila kununua kitu, haiandiki tu. Kwa hiyo mwenzako akikuletea diski ya Windows, unakopi kutoka humo bure. Ni wewe kumpelekea ndiko kunakoleta gharama. Za bure zipo pia, lakini kwenye Mac zenye chipu za Apple baadhi zinadai upunguze ulinzi wa mfumo kwanza, na mimi singefanya hivyo kwenye mashine ya kazi. Zile za kusoma APFS ndani ya Windows nyingi ni za kulipia. Nunua kama unapokea diski za aina hiyo kila wiki, si kwa kazi moja.

mpiga_video
Asanteni sana wakuu. Mwenzangu anakuja ofisini kesho na mashine yake, kwa hiyo waya. Maswali mawili. Ikikatika katikati naanza upya? Na nitajuaje faili limefika zima?

fundi_waya
Usikopi kwa kuburuta. Kwenye Windows tumia amri ya kukopi iitwayo robocopy, uandike folda ya Mac, folda ya kupokelea, na /E mwishoni. Ikikatika, rudia amri ile ile. Yaliyokwisha kufika inayaruka. Upande wa Mac andika caffeinate kwenye terminali uiache wazi, ili isilale katikati ya kazi.

Kuhakiki, kwenye Mac andika shasum -a 256 na jina la faili, kwenye Windows certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Ule mstari mrefu wa herufi na namba ukilingana, faili ni lile lile baiti kwa baiti. Fanya hivyo angalau kwa mafaili makubwa kabla hujafuta chochote popote.

begi_mgongoni
Na kabla ya kukopi pitia majina ya mafaili. Windows haikubali alama ya kuuliza, nukta mbili, nyota wala mkwaju kwenye jina. Kama umeweka mojawapo ya hizo, hayo ndiyo yanayoweza kukusumbua.

mpiga_video
Nimeelewa. La mwisho: bwana harusi anataka flashi ya kuchomeka kwenye TV ya nyumbani. Hiyo nayo exFAT?

begi_mgongoni
Kama hujui TV yake ni ya lini, weka FAT32. TV nyingi za zamani hazisomi exFAT, na Mac ukifomati kwa Disk Utility chagua Master Boot Record, kwa sababu mpangilio wa GUID unazishinda pia. Kuhusu ukomo wa GB 4, toa video ya H.264 kwa megabiti 8 (Mb, si MB) kwa sekunde: saa moja inakuwa kama GB 3.7 pamoja na sauti. Harusi ya saa tatu igawe sehemu nne au tano, kila moja chini ya saa, uzipe majina yanayoanza na 01, 02, 03 ili TV izipange sawa.